Nani yumo ndani ya "tuombe"? Misimamo mitano kuhusu dini na dola

Mwenyekiti alisimama, akazipanga karatasi zake vizuri mezani, akasema neno moja: "Tuombe." Viti vikakwaruza sakafu, vichwa vikainama. Mimi nilichungulia (tabia mbaya, najua) nikamwona mwenzetu mmoja kabaki amekaa, kalamu mkononi, anasoma ajenda namba tatu kana kwamba imeandikwa upya usiku huo. Ikaja "amina", kikao kikaendelea. Wakati wa mapumziko nilimuuliza kama maombi yanamkera.

"Maombi hayanikeri hata kidogo, ndugu yangu," akasema. "Kinachonikera ni hiyo *tu-*."

Jibu hilo nimelizungusha kichwani muda mrefu, kwa sababu Kiswahili kimeubeba mjadala mzima kwenye silabi moja. *Naomba* ni jambo langu. *Wanaomba* ni jambo lao. *Tuombe* inamkumba kila aliyemo chumbani, aliyetaka na asiyetaka. Kwenye kamati ya watu kumi na watatu hilo ni dogo, likikuzidi unajiuzulu. Dola nayo ina "tu" yake, na hiyo hatukujiunga nayo kwa fomu. Tulizaliwa tumo.

Kwa hiyo ukitaka kujua usimame wapi katika suala la dini na jamii, nadhani swali la kuanzia ni hilo la mwenzangu: kila msimamo unamweka nani ndani ya "tu", na unamfanya nini aliyebaki nje?

## Kwanza, maswali mawili yasichanganywe

Mabishano ya dini huharibika mapema kwa sababu watu wawili hujibu maswali tofauti huku kila mmoja akidhani wanazungumzia jambo moja. Swali la kwanza ni unaamini nini. La pili ni hicho unachokiamini kikae wapi: moyoni, nyumbani, barabarani, shuleni, mahakamani, au ndani ya katiba. Ukijua jibu la mtu kwa swali la kwanza, bado hujajua lolote kuhusu la pili. Wapo wacha Mungu wa dhati wanaotaka serikali isiiguse dini yao hata kwa kidole, na wapo wasiokanyaga kanisani mwaka mzima lakini ukigusa kanisa la taifa lao wanakuja juu.

Mfano ninaoupenda ni wa Danbury, Connecticut. Thomas Jefferson alipoandika mwaka 1802 kuhusu ukuta unaotenganisha kanisa na dola, alikuwa anajibu barua, na waliomwandikia hawakuwa wakana Mungu. Walikuwa Wabaptisti. Katika jimbo lao kanisa jingine ndilo lililopendelewa na sheria, wao wakawa wanahesabiwa kama watu waliovumiliwa tu. Watu wa sala ndio waliotaka dola ikae mbali na sala.

Suala la kiapo linaonyesha jambo hilohilo kwa karibu zaidi. Uingereza, kwa muda mrefu, hukuweza kushika nafasi fulani wala kutoa ushahidi bila kuapa kwa jina la Mungu. Miongoni mwa waliogoma mapema ni Wakweka, dhehebu la Kikristo, kwa kuwa Injili imewaambia wasiape kabisa. Wakaruhusiwa mwaka 1695 kutoa tamko badala ya kiapo. Karibu karne mbili baadaye akaja Charles Bradlaugh, aliyechaguliwa mbunge wa Northampton mwaka 1880. Huyu hakuamini Mungu. Aliomba kutoa tamko kama Wakweka, akakataliwa. Akasema basi nitaapa, akakataliwa tena, maana kiapo cha asiyeamini kitamfunga vipi? Alilala usiku mmoja kizuizini kwenye mnara wa saa wa Bunge, akapoteza kiti, akachaguliwa upya, akakipoteza tena. Alikuja kukaa rasmi mwaka 1886, na miaka miwili baadaye ikapita sheria ya kumruhusu yeyote atoe tamko. Mkweka na mkana Mungu wangebishana hadi alfajiri kuhusu swali la kwanza. Kwenye la pili walikuwa mlango mmoja.

## Misimamo yenyewe, kwa haraka

| Msimamo | "Tu" ya dola ni nani | Umejaribiwa wapi | Anayeumia kwanza |
|---|---|---|---|
| Dini iongoze dola | Waumini, kwa tafsiri ya wenye mamlaka | Iran | Mwenye tafsiri nyingine, na anayetaka kutoka |
| Dini rasmi, mkono laini | Wote, ila mmoja ana kiti cha mbele | Uingereza, Denmark | Asiye wa dini hiyo, kwa mambo madogomadogo |
| Dini ibaki nyumbani | Raia aliyeacha alama zake mlangoni | Ufaransa | Ambaye dini yake huonekana mwilini |
| Kila jamii na sheria yake | "Tu" nyingi ndani ya dola moja | Lebanon, India | Mwanamke, na asiye na jamii |
| Dola haina dini, watu wanazo | Raia wote, pamoja na alama zao | Marekani, kwa katiba yake | Hubadilika kila majaji wanapobadilika |

Jedwali linarahisisha mno, kama majedwali yote. Hakuna nchi inayokaa kwenye mstari mmoja bila mguu wake mmoja kuangukia mwingine.

## Dini iongoze

Wanaoupinga msimamo huu huudharau kuliko unavyostahili. Hoja yake nzito ni hii: hakuna sheria isiyoegemea mahali. Sheria ya ndoa, ya riba, ya adhabu, zote zimejengwa juu ya wazo fulani la wema. Mwanafalsafa anaruhusiwa kuleta wazo lake bungeni, mfanyabiashara analeta lake, kwa nini la muumini ndilo liambiwe livue viatu nje? Sijawahi kusikia jibu jepesi kwa swali hilo, na anayejifanya analo anakwepa.

Tatizo linakuja hatua inayofuata. Dini haisemi yenyewe, kuna mtu anaisemea. Iran, tangu mapinduzi ya 1979, imeliweka hilo wazi: kuna Kiongozi Mkuu, na kuna Baraza la Walinzi lenye watu 12 linalopitisha nani agombee na sheria ipi iendelee. Katiba inawatambua Wazoroasta, Wayahudi na Wakristo kama dini za wachache, na wana viti vyao bungeni, Wabahai hawamo. Hayo yanajulikana sana. Kisichosemwa mara nyingi ni yaliyompata Ayatollah Hussein-Ali Montazeri. Alikuwa mwanachuoni mkubwa na mrithi mteule wa Khomeini, kiongozi wa mapinduzi hayo. Alipokosoa, aliondolewa kwenye urithi huo mwaka 1989, na kuanzia 1997 akafungiwa nyumbani kwake kwa zaidi ya miaka mitano.

Dola ya kidini ilimfungia mwanachuoni wa dini hiyohiyo. Kwa hiyo mtu akiniambia anataka dini iongoze, simuulizi kuhusu wasioamini, maana jibu lake nalijua. Namuuliza siku akitofautiana na kiongozi wa dini yake kuhusu aya moja, atakata rufaa wapi?

## Dini rasmi, mkono laini

Hapa ndipo penye vituko. Katika Bunge la Uingereza kila kikao huanza kwa sala, na wabunge husali wakiwa wamegeuka, nyuso zikiuangalia ukuta. Viti havitoshi wabunge wote, kwa hiyo anayetaka kiti cha uhakika siku yenye mjadala mkubwa huweka kadi ya sala pale anapotaka kukaa, na kadi hiyo inahesabika tu akiwapo kwenye sala. Mbunge asiyeamini chochote anaweza basi kujikuta anasali ili apate pa kukaa. Maaskofu 26 wa Kanisa la Anglikana wana nafasi katika Nyumba ya Malodi, na mfalme ndiye Gavana Mkuu wa kanisa hilo.

Denmark wamekwenda mbali zaidi kimyakimya. Katiba yao inasema Kanisa la Kilutheri ni la taifa na mfalme lazima awe muumini wake. Karibu nchi nzima mtoto akizaliwa, hata wa wazazi Waislamu au wasio na dini, anaandikishwa kupitia ofisi ya kanisa. Hakuna anayebatizwa kwa hilo, ni usajili tu. Lakini jaribu kujiweka kwenye viatu vya mzazi huyo siku ya kwanza anapojua.

Ujerumani hawana kanisa la dola, katiba imelikataa tangu 1919. Hata hivyo mamlaka ya kodi huyakusanyia makanisa makubwa kodi yao: asilimia 8 au 9 ya kodi ya mapato, kutegemea jimbo. Mjerumani anayetaka kutoka kanisani haendi kwa padri. Anakwenda mahakamani au ofisi ya serikali ya vizazi na ndoa, anatoa kitambulisho, anatia saini. Dini imemwingia kwa maji ya ubatizo, inamtoka kwa karatasi yenye mhuri.

Je, msimamo huu ni mbaya? Kusema kweli watu wengi huishi vizuri chini yake, wa dini nyingine wakiwemo. Nimewahi kusikia Mwislamu akiutetea kwa hoja kwamba dola inayoheshimu dini moja angalau inajua dini ni nini. Wasiwasi wangu ni kwamba utamu wake unatokana na uzee. Dini rasmi huvumilika pale ambapo wenyewe hawaishiki tena kwa nguvu. Siku ikitokea kizazi kinachoichukulia kwa uzito, mitambo yote iko tayari na imetiwa mafuta. Wenyewe wanalihisi hilo: Uswidi walilitenganisha kanisa na dola mwaka 2000, Norwei wakabadilisha katiba mwaka 2012.

## Dini ibaki nyumbani

Sheria ya Ufaransa ya 1905 ina vifungu viwili vya mwanzo ambavyo kila mtu hunukuu nusu yake. Cha kwanza kinahakikisha uhuru wa dhamiri na wa kuabudu. Cha pili kinasema Jamhuri haiitambui, haiilipi mshahara wala haiipi ruzuku dini yoyote. Wanaonukuu cha pili husahau cha kwanza. Husahau pia kwamba hichohicho cha pili kinaruhusu fedha za umma zilipie huduma za kiroho magerezani, hospitalini na mashuleni, kwa sababu mfungwa hawezi kutoka kwenda kuabudu. Sheria yenyewe ina busara kuliko baadhi ya watetezi wake.

Mgogoro wa siku hizi umetoka kwingine. Mwaka 2004 ilipita sheria ya kukataza alama za dini zinazoonekana waziwazi katika shule za serikali, za msingi na sekondari. Mwaka 2010 ikafuata ya kukataza kufunika uso hadharani. Kwenye karatasi sheria ya 2004 inawahusu wote kwa usawa: hijabu, kofia ya Kiyahudi, kilemba cha Singasinga, msalaba mkubwa. Lakini kuna dini zinazobebwa moyoni na kuna dini zinazobebwa mwilini. Anayeweza kuuweka msalaba wake mdogo ndani ya shati hakupoteza kitu. Msichana wa hijabu na mvulana wa kilemba ndio waliotakiwa kuchagua kati ya mlango wa shule na amri ya dini yao.

Mtetezi wa Kifaransa atakujibu kwamba shule ndiyo mahali pekee ambapo mtoto anapata kupumua mbali na kile wazazi wake walichomchagulia, na kwamba pasipo kanuni hiyo wasichana wasiotaka hijabu hushinikizwa na wenzao. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Kwangu inaanguka kwenye jambo moja: inamkomboa msichana aliyelazimishwa kuivaa kwa kumlazimisha aliyeichagua kuivua.

Kuna kichekesho cha kihistoria pia. Alsace na Moselle zilikuwa mikononi mwa Ujerumani mwaka 1905, kwa hiyo sheria ile haikuzifikia, na ziliporudi Ufaransa haikupelekwa. Hadi leo mapadri, wachungaji na marabi wa huko hulipwa na dola, ileile isiyotambua wala kulipa dini yoyote.

Uturuki nayo mara nyingi huwekwa kapu moja na Ufaransa. Si sahihi. Atatürk aliufuta ukhalifa mwaka 1924, na mwaka huohuo ikaundwa idara ya serikali ya mambo ya dini, Diyanet, ambayo huajiri maimamu na kuandaa hotuba za Ijumaa. Dola haikutengana na msikiti, iliushika. Wanafunzi wa hijabu walizuiwa vyuoni kwa miaka mingi, na wakati huohuo nyumba za ibada za Waalevi, jamii ya wachache yenye ibada zake, hazikupewa hadhi sawa na misikiti. Anayedhani dola ikiishika dini basi dini ndiyo imepata faida, aangalie hapo vizuri.

Albania naiacha nje ya jedwali kwa makusudi. Serikali ya Enver Hoxha ilifunga misikiti na makanisa yote mwaka 1967, hadi mwaka 1990 ndipo ibada ikaruhusiwa tena. Huko hakukuwa na "dini ibaki nyumbani", kwa maana hata nyumbani haikuruhusiwa. Wanaopinga Ufaransa kwa kutaja Albania wanadanganya, au hawajui.

## Kila jamii na sheria yake

Ukiusikia mara ya kwanza, msimamo huu unavutia kuliko yote. Kwa nini tuwe na "tu" moja? Waislamu waamuliwe mirathi kwa sheria yao, Wakristo ndoa kwa yao, Wahindu kwa yao, na dola isimamie amani tu.

Lebanon wameufikisha mwisho. Jamii 18 za kidini zinatambuliwa. Tangu makubaliano ya 1943 rais ni Mkristo wa Kimaroni, waziri mkuu Msuni, spika wa Bunge Mshia. Viti 128 vya Bunge vinagawanywa nusu kwa nusu kati ya Wakristo na Waislamu, na sensa rasmi ya mwisho ni ya 1932, kwa sababu kuhesabu watu upya ni kugawana upya madaraka. Ndoa inafungwa na viongozi wa dini. Wapenzi wa dini mbili, au wasiotaka dini yoyote iwaozeshe, wengi wao hupanda ndege kwenda Kupro, hufunga ndoa ya serikali huko, wakarudi, na Lebanon inaitambua. Nchi inayokubali ndoa yako kwa sharti kwamba haikufungwa ndani yake!

India wana katiba inayojitangaza isiyofungamana na dini (neno lenyewe liliongezwa mwaka 1976) na bado sheria za ndoa na talaka hutofautiana kwa dini. Shah Bano, mama wa Kiislamu mwenye watoto watano, aliachwa na mumewe akiwa mtu mzima akadai matunzo. Mahakama ya Juu ikampa haki yake mwaka 1985 kwa sheria ya jumla inayomhusu kila raia. Viongozi wa kidini wakaja juu, na mwaka uliofuata Bunge likapitisha sheria nyingine iliyoupunguza uamuzi huo. Alikuwa ndani ya "tu" mbili, ya raia na ya jamii. Siku zilipogongana, wanaume wa pande zote mbili ndio waliokaa mezani kuamua ipi imshike.

Kenya wameujaribu msimamo huu kwa kipimo kidogo, na kipimo chenyewe ndicho kinachonivutia. Katiba ya 2010 inasema hakuna dini ya taifa, kisha inazitambua mahakama za kadhi: kwa ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu, pale ambapo pande zote ni Waislamu *na zimekubali* kupelekwa huko. Hayo maneno ya mwisho yanabeba mzigo mkubwa. Yanamwachia mtu mlango. Kama mama asiye na sauti ataweza kweli kuutumia mbele ya wajomba zake, hilo ni swali la jamii, katiba peke yake hailimalizi.

## Dola haina dini, watu wanazo

Msimamo wa tano unafanana na wa Kifaransa ukiutazama kwa mbali. Zote mbili zinasema dola isiwe na dini. Tofauti ni kwamba Ufaransa humtaka raia anapoingia kwenye nafasi ya dola afanane na dola. Msimamo huu unaiacha dola ikae kimya na kumwachia raia aseme, avae, aimbe.

Marekebisho ya kwanza ya Katiba ya Marekani, ya 1791, yana sehemu mbili zinazovutana tangu siku hiyo: Bunge lisianzishe dini, na lisizuie watu kuifuata yao. Mwanafunzi anaruhusiwa kuvaa hijabu shuleni, mwalimu haruhusiwi kuongoza sala. Kwa maneno ni safi. Kwa vitendo, ukuta una matundu: "Tunamtumaini Mungu" ndiyo kaulimbiu rasmi ya taifa tangu 1956. Tusiwacheke. Katiba za Kenya na Tanzania zote mbili zinasema dola haina dini, na nyimbo zote mbili za taifa zinaanza kwa kumwita Mungu.

Huu ndio msimamo ninaoegemea, nisijifanye mwamuzi asiye na timu. Lakini hauna utulivu, na ushahidi mzuri ni ileile sala ya kufungulia kikao.

## Sala moja, kesi nne

New York, 1962. Mamlaka ya elimu ilitunga sala ya maneno 22 tu, isiyotaja dini yoyote, isomwe asubuhi shuleni. Asiyetaka angeweza kunyamaza au kutoka nje. Mahakama ya Juu ikasema hapana: kazi ya kutunga sala si ya serikali.

Jimbo hilohilo, mji unaoitwa Greece, kesi ikaamuliwa 2014. Halmashauri ilifungua vikao kwa sala, karibu zote za wachungaji wa Kikristo. Majaji watano kwa wanne wakasema inaruhusiwa, ni desturi ya tangu zamani na waliohudhuria ni watu wazima.

Uingereza, mji wa Bideford, 2012. Mahakama Kuu ikaamua halmashauri haina mamlaka ya kisheria ya kuweka sala kwenye ajenda. Mwaka 2015 Bunge (lile la kadi za sala) likapitisha sheria ya kuipa mamlaka hayo.

Na Kanada, Saguenay, mwaka huohuo wa 2015. Hii ndiyo ninayoifikiria zaidi. Meya aliongoza sala kwa ishara ya msalaba. Mkazi asiyeamini alipolalamika, halmashauri ilijaribu kuwa na adabu: ikaweka dakika mbili kati ya mwisho wa sala na ufunguzi rasmi wa kikao, ili asiyetaka aingie baadaye. Mahakama ya Juu ikakataa kwa kauli moja. Dakika mbili zile, badala ya kumlinda asiyeamini, zilimtangaza. Kila anayeingia kwa kuchelewa amejitaja mbele ya watu anaokwenda kuwaomba kibali cha kujenga.

Utaona majaji hawakubishana kuhusu Mungu hata mara moja. Walibishana kuhusu mamlaka ya serikali, na kuhusu mlango: upo, unapitika, na aliyeupitia anaonekana vipi na waliobaki.

## Unachaguaje basi

Mtu anayesitasita huwa namshauri aiache altare kwa muda, achunguze mlango. Chukua msimamo unaokuvutia, kisha mfikirie mtu mmoja anayetaka kutoka: kijana aliyebadili imani, mke anayetaka talaka, mwalimu asiyetaka kusali, msichana anayetaka kuivaa au kuivua hijabu. Anatoka kwa gharama gani? Kwa Mjerumani ni saini na, majimbo mengi, ada kidogo. Kwa Mlebanoni ni tiketi ya ndege. Kwa mwanafunzi wa hijabu Ufaransa ni kubadili shule. Kuna mahali ni uhai.

Ukiona dini yako ndiyo ya walio wengi, jaribu pia kuihamisha. Usijiulize kama ungependa kuwa mchache kwa ujumla, hapo kila mtu hujibu kishujaa. Jiulize kuhusu mwanao wa miaka saba, darasani, siku ya kwanza, mwalimu anasema tuombe kwa jina usilolijua.

Kama unaishi mahali ambapo dini moja imekaa karne nyingi na imepoa, huenda msimamo wa pili hautakuumiza, na kupigania wa tano kutakuwa vita vya alama tu. Kama jamii zenu zimetoka kwenye damu, wa nne unaweza kununua amani, na amani si kitu kidogo. Ila ujue mnainunua kwa mkopo, na wanaolipa riba mara nyingi ni wanawake. Wa tatu unafaa pale ambapo taasisi moja ya dini imeishika elimu na siasa kwa mabavu, kama ilivyokuwa Ufaransa ya karne ya 19. Ukiuchukua kuuelekeza kwa wachache wasio na nguvu, unakuwa kitu kingine. Wa kwanza sijaona mahali ambapo mlango wake ulibaki wazi, na nimetafuta.

Kikao kilichofuata mwenyekiti alikuwa amepata habari, sijui kwa nani. Akasimama, akakohoa, akasema: "Wanaopenda kuomba, tuombe. Wengine tunyamaze." Vichwa vikainama. Mwenzangu akaiweka kalamu chini, akanyamaza kama wengine. Baadaye nikiwa nakusanya karatasi, mama mmoja mcha Mungu aliyekuwa jirani yangu akaninong'oneza kwa uchungu kwamba miaka yote hiyo aliomba kwa niaba yetu sote, na leo kaambiwa aombe kwa niaba ya wanaopenda. Nikakosa la kumjibu. Naye alikuwa anaililia ileile *tu-*.